Ghorofa ya Mwalimu Pankras

Nina uzito wa kilo tisini na sita. Naanza na hilo kwa sababu mke wangu, Ottilia, anasema nikianza na jambo jingine lolote nitakuwa nadanganya watu.

Nilifundisha fizikia katika sekondari moja hapa Mbinga kwa miaka ishirini na minane. Kila mwaka nilichora ubaoni bawa la ndege, nikachora mishale ya hewa ikipita juu na chini yake, nikawaeleza wanafunzi kwa nini kitu kizito kuliko hewa kinaweza kukaa hewani. Nilieleza vizuri sana. Wengine hata walifaulu. Nilipostaafu niliona si haki mtu kueleza jambo miaka yote hiyo bila kulifanya hata mara moja. Nikaagiza kwa mtandao michoro ya ndege ndogo ya kujitengenezea mwenyewe, ya mtu mmoja, yenye bawa moja kila upande, nikaibandika kwenye ukuta wa banda letu la kahawa. Ottilia aliuliza kahawa itakaa wapi. Nikamwambia ni kwa miezi michache tu.

Ilichukua miaka sita.

Aliyenisaidia ni Othmar, fundi wa mashine za kusaga, mtu wa maneno machache ambaye alikuja siku ya kwanza kuazima bisibisi na hakuondoka tena. Injini tuliitoa kwenye gari dogo la zamani lililokuwa limelala nyuma ya gereji moja mjini, kuku wakitagia ndani yake. Mbao nilizichagua mwenyewe, moja moja, nikizipinda na kuzinusa kama mtu anayejua anachonusa. Kitambaa cha kufunika mabawa alikishona Bonifasia, fundi cherehani wa sokoni anayeshona magauni ya komunio ya kwanza. Ndiyo maana ndege ilitoka nyeupe pe, yenye mishono mizuri kuliko ilivyostahili.

Kabla ya kuijaribu nilifanya jambo moja la busara: niliandika barua kwa ofisi inayohusika na mambo ya ndege. Wakamtuma mkaguzi kijana, jina lake Cleopa, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Akaniamkia, akaizunguka ndege mara tatu, akagonga hapa, akavuta pale, kisha akaniamkia tena bila sababu. Mwisho akaniandikia kibali. Nimeruhusiwa kuikimbiza ndege ardhini kwa majaribio. Isiondoke ardhini mpaka atakaporudi kuikagua upya.

Nakiri kwamba nilikusudia kukivunja kibali hicho. Ndege ndiyo iliyokiheshimu.

Tuliijaribu kwenye uwanja wa shule, ambao unapakana na shamba letu. Watu walijaa kama siku ya mahafali. Nilipanda, nikafunga mkanda kwa shida kidogo, Othmar akaizungusha propela, injini ikaitika. Ndege ikakimbia. Ilikimbia vizuri kabisa. Ikapita katikati ya uwanja, ikapita magoli ya upande wa pili, na mimi sikuizima kwa sababu niliamini mita inayofuata ndiyo yenyewe. Mita iliyofuata ilikuwa kahawa ya Ottilia. Tulipita kwenye kahawa, tukatokea kwenye mahindi, tukaishia pua chini ndani ya ngolo, yale mashimo ya kilimo chetu sisi Wamatengo, ambayo babu zetu waliyachimba ili kuzuia maji ya mvua, si ndege.

Ottilia alikuja taratibu, akaiangalia miche ya kahawa iliyolala, akaniangalia mimi.

"Umeumia?" aliuliza.

"Hapana."

"Haya," alisema, akaanza kuinua miche.

Siku ile ile nilimwambia Othmar kwamba nimegundua kosa. "Kosa ni bawa. Halitoshi. Tunahitaji jingine juu yake."

Othmar aliniangalia kuanzia kichwani akishuka, akafika tumboni, akaishia hapo. Lakini ni mtu mwenye heshima. "Sawa, Mwalimu," alisema.

Basi tukaanza upya, miaka mingine mitatu. Ile michoro ya ndege ya bawa moja niliigeuza. Juu ya bawa la kwanza nikasimamisha nguzo nne za mbao kila upande, juu ya nguzo nikaweka bawa la pili, na katikati nikakaza nyaya za kuvutana huku na huku ili yote yashikane. Watu waliokuwa wakipita barabarani waliona kitu kinapanda juu, wakaanza kuulizana: Mwalimu anapandisha ghorofa? Jina likashika. Sokoni niliulizwa habari ya ghorofa. Kanisani niliulizwa habari ya ghorofa. Ottilia naye akawa anasimama mlangoni mwa banda na kusema, "Chakula tayari, shuka ghorofani."

Tulipoijaribu uwanjani ndege hii mpya, mkia uliinuka. Magurudumu ya mbele hayakuinuka. Safari hii nilizima injini kabla ya kahawa, jambo ambalo nililihesabu kuwa maendeleo.

Kesho yake Ottilia aliingia bandani akiwa amevaa miwani yake ya kusomea. Hakuwahi kuikaribia michoro ile kwa miaka yote tisa. Akalitoa koti langu lililokuwa limening'inia pembeni, akainama, akasoma kona ya chini polepole.

"Hapa wameandika rubani asizidi kilo sabini na tano," alisema.

Nikaanza kukusanya bisibisi.

"Na wameandika vipimo vyote hivi ni vya usawa wa bahari. Sisi tuko mita elfu moja na mia nne. Hewa ya huku ni nyepesi, au siyo hiyo uliyokuwa unafundisha?"

"Umejuaje mita?"

"Kila msimu naijaza kwenye fomu ya ushirika. Wanunuzi wanataka kujua kimo cha shamba. Wewe huwa unasaini tu."

Koti lile nilikuwa nimelitundika kwenye msumari, na msumari nilikuwa nimeupigilia kwenye kona ile ile, kwa mkono wangu mwenyewe, siku ya kwanza.

"Kule kwa Ida ni chini," Ottilia alisema akitoka. "Mpigie simu mkweo."

Ida ni binti yetu. Ameolewa Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, ambako ni chini kuliko kwetu kwa karibu mita elfu moja. Baba wa mume wake ni Kilian, fundi wa boti, Mwanglikana mtaratibu ambaye kila tukikutana huniuliza kwa nini watu wa milimani tunaogopa maji. Mimi naogopa maji. Sijui kuogelea, na sikuwahi kuona sababu ya kujifunza nikiwa katikati ya migomba.

Tuliifungua Ghorofa vipande vipande, tukavipakia kwenye lori, tukatandika magodoro katikati ili visigongane, tukateremka zile kona zinazoelekea ziwani, Ottilia amekaa mbele na dereva, mimi na Othmar nyuma tumekumbatia kila mmoja bawa lake.

Kilian alitusaidia kuifunga tena. Alifanya kazi kama anavyofanya kwenye boti zake: anagonga mbao kwa kidole na kusikiliza, anapiga waya kama uzi wa gitaa, anakaza, anapiga tena. Siku ya pili alikaa mahali pa rubani, akashika mkono wa kuongozea, akaupeleka kushoto. Akaangalia mabawa. Akaupeleka kulia, akaangalia tena.

"Mkwe," alisema, "nikipinda kushoto, kwa nini yenyewe inataka kwenda kulia?"

Nilikwenda kuangalia. Nyaya za kuongozea bawa jipya nilikuwa nimezipishanisha. Kama ndege ile ingepaa Mbinga, ningekuwa marehemu katika dakika ya kwanza, na wanafunzi wangu wa zamani wangepata mfano mzuri wa somo.

"Hilo nilitaka kulirekebisha," nilisema.

"Ndiyo," alisema Kilian, akachukua koleo.

Siku ya jaribio ilikuwa Jumamosi asubuhi. Maji ya ziwa yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha ukanda mrefu wa mchanga mgumu kama sakafu, upepo mwepesi ukija usoni. Nilimwahidi Ottilia kwamba nitakimbia ardhini tu, kama kibali kinavyosema. Ili aniamini nilimwonyesha tangi: nilikuwa nimetia mafuta kidogo sana, ya kukimbilia mchangani. Nikamkabidhi koti langu lenye simu na miwani. Akalishika.

Baadaye nilimwandikia mkaguzi kwamba ndege ilipaa yenyewe. Hapa nitasema kweli. Ilipaa yenyewe kufikia kimo cha goti. Kuanzia hapo kwenda juu ni mimi.

Kelele za magurudumu zilikoma ghafla, nikawa nasikia injini tu na nyaya zikilia. Nilitakiwa kuzima. Mchanga ulikuwa bado upo mbele, mwingi wa kutosha. Mkono wangu, ambao kwa miaka tisa ulikuwa umekata mbao na kujikata wenyewe, haukutaka kuzima. Ukavuta. Vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa lile, vikapita chini, akina mama waliokuwa wakianika wakapita chini, kisha mchanga ukaisha, chini yangu pakawa maji.

Ningependa kuandika kwamba nilijisikia kama ndege wa angani. Nilijisikia kama mzigo. Nilishika mkono wa kuongozea kwa mikono miwili, macho yangu yamekwama kwenye saa ya injini, ile ya kuonyesha mizunguko, nikisali Salamu Maria na kuikatiza katikati ili nikumbuke kanuni fulani, kisha naanza tena Salamu Maria. Mbele kulikuwa na kilima cha mawe kinachoingia ziwani. Nilipinda kwa upana, nikakizunguka, na nilipofika upande wa pili, upande wa Mbaha, injini ikakohoa. Mafuta ya kumridhisha Ottilia yalikuwa yameisha.

Nikaona mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, makavu na bapa. Nikaigeuzia Ghorofa huko, nayo ikanikubalia. Tuligusa, tukaruka, tukagusa tena, bawa la chini la kushoto likavunjika kwenye tuta, mkia ukainuka, na mimi nikabaki nimening'inia kwenye mkanda, nikiangalia mabua ya mpunga kwa karibu. Nilikuwa nimepasuka mdomo. Basi.

Mwenye shamba lile anaitwa Victor. Alikuja na jembe begani, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," nilisema, kichwa chini.

Yeye na majirani wakanifungua, wakaniketisha kwenye kiti nyumbani kwake, mkewe Devotha akaniletea maji ya kunywa, halafu ya kunawa, halafu ugali na mbasa, samaki wa ziwa lile, mkubwa, wa kupika. Watu wakajaa uani. Na hapa ndipo ninapoona aibu hadi leo. Walitaka kusikia, nami nikawaeleza. Nilieleza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimepaa kimo cha mwembe. Mara ya pili, kimo cha mnara wa kanisa. Mara ya tatu kilima chenyewe nilikuwa nimekipita kwa juu. Nilikula vizuri. Sidhani kama nimewahi kufurahi vile tangu harusi yangu.

Devotha alikuwa anaondoa vyombo. "Na huko ulikotoka, Mwalimu," aliuliza, "wanajua kwamba uko hai?"

Nikaona jinsi ilivyokuwa. Watu wa Lipingo walikuwa wameniona nikienda juu ya maji, nikapotelea nyuma ya kilima, kisha sauti ya injini ikakata.

Victor akanipa simu yake. Niliishika. Naweza kukutajia kasi ya mwanga kwa tarakimu zote, lakini namba ya mke wangu siijui. Iko kwenye simu yangu, na simu ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa mikononi mwa mke wangu. Ya Ida siijui. Ya Othmar siijui. Namba pekee ninayoijua kwa kichwa ni ya shule, na ilikuwa Jumamosi.

Njia ya miguu kupita kwenye mawe ni ya saa tatu. Victor akaomba boti yenye injini kwa jirani. Nilipanda bila kubisha. Nilikaa katikati, nikashika ubao wa kukalia, mawimbi yakinirushia maji usoni, na sikumbuki kwamba niliogopa. Nilikuwa nawaza tu saa ngapi sasa, na tangu saa ngapi.

Tulipozunguka kilima niliona boti za Lipingo majini, nane au tisa, zimejipanga, zikivuta wavu taratibu mahali walipodhani nimeangukia. Ufukweni akina mama walikuwa wamekaa kwenye mchanga wakiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Mtu mmoja akaniona, akasimama. Wimbo ukafa mstari kwa mstari.

Ottilia alikuwa amekaa katikati yao, miguu ameinyoosha mbele, koti langu mapajani. Ida alikuwa nyuma yake amemshika mabega. Nilishuka kwenye boti, nikasimama mbele yake. Aliniangalia kuanzia miguuni akipanda, taratibu, kama anahesabu viungo. Akafika kwenye shati.

"Umekula," alisema. Hakuwa anauliza. Mchuzi ulikuwa kifuani.

"Nimekula."

"Samaki gani?"

"Mbasa."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea taarifa. Akainuka, akanipa koti langu, akashika njia ya kwenda nyumbani kwa Ida, na Ida akamfuata bila kunitazama.

Nilibaki nimeshika koti mbele ya watu kama mia mbili walioacha kazi zao kuja kunililia. Nikasema samahani. Mzee mmoja akajibu kwamba si kitu, kana kwamba nimemkanyaga mguu.

Boti zikarudi. Othmar alishuka akiwa ameloa kuanzia nywele hadi viatu, macho mekundu, anatetemeka. Alinishika mkono, akauachia, akaushika tena.

"Sikujua kwamba Othmar anajua kupiga mbizi," nilimwambia Kilian baadaye.

"Hajui," alisema Kilian. "Ameanza leo. Tumemtoa mara mbili."

Ottilia hakuzungumza nami siku nne. Alinipa chakula, akanipaka dawa mdomoni kwa kidole kisicho na huruma, lakini neno hakusema. Siku ya tatu alifika Cleopa, kwa sababu nilikuwa nimempigia simu na kujishtaki mwenyewe. Tulikwenda naye mpaka shambani kwa Victor. Akaizunguka Ghorofa ikiwa imelala vile vile, akapiga picha, akapima, akaandika.

"Mwalimu, kibali kilisema ardhini," alisema.

"Ndiyo."

"Hapa ni kilomita sita kutoka pale."

"Ndiyo, mwanangu."

Akakichukua kibali changu, akakikunja, akakitia kwenye mkoba wake. Akanieleza kwamba nitaandikiwa barua ya onyo, kwamba kama naitaka ndege hii lazima tuanze mwanzo, ukaguzi wa kila ubao, na rubani aliyesomea. Rubani huyo si mimi, mpaka nisome, na kusomea huko kunahitaji pia nipimwe afya. Alisema yote hayo kwa upole uliozidi ukali. Tulipokuwa tunarudi kwenye boti akapunguza sauti.

"Ilinyanyuka ikiwa na mwendo gani?"

"Sikuangalia."

"Hukuangalia?"

"Nilikuwa naangalia saa ya injini."

Alionekana kuumia kuliko alipoona bawa lililovunjika.

Siku ya nne tulipakia vipande kwenye lori, isipokuwa bawa lile la chini, ambalo Kilian alisema tumwachie. Othmar akakaa nyuma na magodoro. Dereva akaniambia nikae mbele, na hapakuwa na pa kukaa ila ubavuni mwa Ottilia. Tulipanda kona ya kwanza kimya, na ya pili. Kwenye kona ya tatu ziwa lilitokeza lote chini yetu, na ng'ambo yake milima ya Malawi.

"Ulipokuwa juu kule," alisema Ottilia, akiangalia nje, "kulionekanaje?"

Nilifikiria kumwambia habari ya maji yanayong'aa na boti ndogo kama maganda ya karanga. Lakini hayo nilikuwa nayaona sasa hivi tu, kupitia kioo cha lori.

"Sikuona," nilisema. "Sikuangalia chini hata mara moja."

"Hata mara moja?"

"Niliogopa."

"Miaka tisa," alisema Ottilia. "Umeninyang'anya banda langu miaka tisa, umenifanya mjane tangu saa tatu hadi saa nane, na hukuangalia chini."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikatafuta leso. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu, mpaka dereva akapunguza mwendo na kuuliza kama mama anaumwa. Nami nikaanza, ule mdomo uliopasuka ukaniuma, na sikuweza kuacha.

Bawa bado liko Lipingo. Kilian anasema atalimaliza, ila ana boti mbili za watu zilizotangulia, na mwenye boti ya kwanza ameomba yake iongezwe urefu.